Kofi la kaka limenitoboa sikio, na familia inataka yaishe nyumbani

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Kisauni, Mombasa. Niliachika, nikarudi kwa mama na wanangu wawili, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Kakangu mkubwa anakaa mtaa wa pili na mkewe. Tangu baba afariki, yeye ndiye mwenye funguo, yeye ndiye anayepokea kodi ya vyumba vya uani, na yeye ndiye anayenunua dawa za sukari za mama. Sitaki nimdhulumu: dawa hizo hajawahi kukosa kuzileta.

Mwezi uliopita alikuja jioni akaniambia nihame chumba changu, nilale na mama, kwa kuwa amepata mpangaji. Nilimwambia mirathi ya baba haijagawanywa, basi anionyeshe hati ya nyumba ina jina la nani. Akanipiga kofi la sikio, mkono mzima, upande wa kulia. Nikaangukia ukingo wa baraza, kidevu kikapasuka. Kwenye sikio nilisikia mlio mwembamba, halafu upande ule ukazibika kama nimeingia maji.

Jirani alinifunga kidevu kwa leso yake, tukapanda tuktuk hadi kituo cha polisi. Wakaandika kwenye OB, kitabu chao cha matukio, wakanipa fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, tukaenda hospitali. Daktari alinishona, akanimulika sikio, akasema ngoma imepasuka. Akajaza fomu, na pale mwisho penye daraja la jeraha akatia alama kwenye "madhara". Hakutia kwenye "madhara makubwa" wala kwenye "ulemavu". Akaniambia nirudi kliniki ya masikio nipimwe. Sijarudi.

Kakangu alikamatwa, akalala ndani usiku mmoja, akasomewa mashtaka ya kunishambulia na kuniumiza mwili, akakana, akaachiliwa kwa dhamana. Kesi inatajwa tena kabla mwezi huu haujaisha.

Tangu siku hiyo nyumba haina raha. Mama hali vizuri, anasema ametuzaa tumbo moja na sasa anaona mmoja anampeleka mwenzake jela. Mjomba ameitisha kikao. Yeye anasema kisheria jeraha lisilomlaza mtu siku 21 si jeraha la kwenda nalo kortini, na kwamba daktari mwenyewe ameandika "madhara" tu, kwa hiyo yaishe nyumbani: kaka ataomba radhi, atalipa gharama za matibabu, nami nitaenda kuifuta kesi. Majirani nao wamekuja na lao, ndugu wakigombana shika jembe ukalime.

Upande wa pili kuna rafiki yangu aliyeniambia anamjua mtu ambaye kwa pesa kidogo ataniletea P3 nyingine iliyoandikwa "madhara makubwa". Sijamjibu ndiyo wala la.

Mama, ninalokuficha wewe ndilo ninalowaficha wote. Sisikii sawasawa. Watoto wanaposoma kwa pamoja nasikia mvumo tu. Mtoto akikaa kuliani kwangu akasoma peke yake, sitofautishi herufi za Kiarabu sini na thee. Nimekuwa nikijigeuza, nawaweka wote kushotoni, nawatazama midomo. Juzi mzazi mmoja alikuja kuuliza kwa nini mwanawe amehifadhi sura na kosa ndani yake na mimi sikumrudisha. Nilimwambia nilikuwa na homa. Riziki yangu yote ni hiki chuo.

Naogopa kwenda kupimwa. Nikiambiwa sikio limekufa, itabidi korti ijue, kosa litapanda, na nitakuwa ndiye niliyemfunga kakangu. Nikiambiwa ni zima, watasema nilikuwa nikijidai. Mara nyingine naona heri nisijue. Na lile neno "madhara", wallahi limeniuma, kana kwamba daktari alinipima akaona sina uzito. Hata mwaka juzi kaka aliponisokota mkono sikumwambia mtu, nikasema si kitu.

Nifute kesi? Nikapimwe? Ama nimkubalie rafiki yangu? Naomba usitaje jina langu.

Binti wa Kisauni

*

Mwanangu, marahaba. Na pole, kwanza kwa sikio, kisha kwa hiki kipindi cha kubeba siri mbele ya watoto wanaokutegemea uwasikie.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Unaniuliza ufute kesi au usifute, lakini naona umeyafunga pamoja mambo matatu: sikio lako, kesi ya kakako, na ile alama ya daktari. Umeyafunga hivi: nikipima sikio, alama itabadilika, alama ikibadilika, kaka atafungwa, basi nisipime. Nataka tuyafungue moja moja, maana nadhani fundo hilo ndilo linalokukosesha usingizi kuliko hata kikao cha mjomba.

Nianze na alama, kwa kuwa ndiyo iliyokuuma.

Fomu ya P3 ina sehemu mbili. Ya kwanza hujazwa na polisi: nani ameletwa, lini, na nini kinadaiwa kumpata. Ya pili hujazwa na daktari au afisa wa kliniki. Hapo anaandika hali ya nguo, sehemu ya mwili iliyoumia, jeraha lina umri gani, limesababishwa na kitu cha aina gani, butu au chenye makali, na matibabu uliyopata kabla ya kumfikia. Mwisho anatia alama ya daraja, na maana za madaraja hayo zinatoka katika Sheria ya Adhabu ya Kenya. Madhara ni maumivu, ugonjwa au hitilafu yoyote ya mwili, ya muda au ya kudumu. Ulemavu ni kuharibiwa au kulemazwa kwa kudumu kwa kiungo cha nje au cha ndani, au hisi. Madhara makubwa ni yale yanayofikia ulemavu, au yanayohatarisha maisha, au yanayoharibu afya vibaya au kwa kudumu, au yanayoelekea kufanya hivyo, au yanayomwachia mtu alama ya kudumu ya kumwumbua, au jeraha la kudumu au baya kwenye kiungo au hisi.

Hebu tazama daktari alikuwa na nini mbele yake siku ile. Alikuwa na kidevu cha kushona, na ngoma ya sikio iliyochanika. Ngoma iliyopasuliwa na kofi, mara nyingi, hujifunga yenyewe katika wiki kadhaa au miezi miwili mitatu. Hakuwa na kipimo cha usikivu. Hakuweza kujua kama utasikia au hutasikia. Mtu mwangalifu katika hali hiyo huandika anachokiona na kukuagiza urudi, na hilo ndilo alilolifanya. Daktari mwingine huenda angeandika tofauti, maana hata wao hutofautiana kuhusu jeraha la aina hii. Lakini hakuna sehemu kwenye ile fomu inayomwuliza daktari kakako alikukosea kiasi gani. Haimwulizi kama ulipigwa mbele ya wanao, wala kama ulidai haki yako ukajibiwa kwa mkono. Alama ile inaueleza mwili wako kama ulivyoonekana jioni ile, basi. Wewe umeisoma kama hukumu juu ya thamani yako, na mjomba ameisoma kama hukumu juu ya kosa. Ninyi nyote wawili, nadhani, mmeipa kazi isiyo yake.

Na hizo siku 21 za mjomba. Simlaumu, pengine amezisikia mahali. Zipo nchi ambazo sheria huhesabu siku. Urusi hutenganisha jeraha dogo na la kati kwa siku 21 za kuharibika kwa afya. India, sheria ya adhabu ya mwaka 1860 ilihesabu siku 20 za maumivu makali au za kushindwa kufanya shughuli za kawaida, na sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 2024 imezishusha hadi 15. Kenya haihesabu hivyo. Mtu anaweza kutolazwa hata usiku mmoja na bado akawa amepoteza hisi. Mwingine atalazwa wiki nzima kisha apone bila kubakiwa na dosari. Kwa hiyo kikao kikiketi, hoja ya siku isitumike kukunyamazisha.

Sasa sikio, na hapa nitasema waziwazi kuliko pengine popote.

Kofi la mkono mzima husukuma hewa kwa ghafla ndani ya tundu la sikio, na ngoma, ambayo ni utando mwembamba sana, huchanika. Hilo peke yake hupunguza usikivu kwa kiasi, nao hurudi ngoma ikijifunga. Lakini msukumo ule unaweza pia kutikisa sikio la ndani, penye mishipa ya fahamu, na hapo mambo ni mengine. Wewe umeniandikia kuwa huitofautishi sini na thee. Herufi hizo zina sauti nyembamba ya juu, na sauti za namna hiyo ndizo mara nyingi hupotea kwanza sikio la ndani linapoguswa. Sisemi ndilo lililokupata, siwezi kulijua nikiwa mbali. Nasema kipimo kipo na kinaweza kutenganisha mawili hayo. Unaketi kwenye chumba kisicho na kelele, unavishwa vidude masikioni, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio, kisha unawekewa kingine kwenye mfupa nyuma ya sikio na kurudia. Ukisikia vizuri kwa mfupa na vibaya kwa hewa, shida iko kwenye ngoma. Ukisikia vibaya kote kuwili, shida iko ndani. Hakiumizi.

Yapo matibabu ya sikio la ndani yanayofaa zaidi yakianzwa siku za mwanzo, ndiyo maana sipendi uendelee kungoja. Lakini ngoma isiyojifunga hata baada ya miezi huzibwa kwa upasuaji, na usikivu uliopungua una vifaa vya kuusaidia. Hujachelewa kwa lolote linaloweza kufanyika leo. Kwa sasa maji yasiingie: unapooga ziba kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito. Na usikubali mtu akutilie mafuta ya nazi ya moto au maji ya kitunguu, hata akiwa ni mamako kwa mapenzi yake. Ukiona usaha, au kizunguzungu, nenda siku hiyohiyo.

Unasema heri usijue. Naielewa hofu hiyo, ila naomba uiulize swali moja: ni nani anayenufaika na wewe kutojua? Watoto wa chuo hawanufaiki, maana makosa yao yanapita. Wewe hunufaiki. Hata kakako, nikitazama vizuri, simwoni akinufaika, kwa kuwa atapatana nawe juu ya jeraha ambalo hakuna ajuaye ukubwa wake, na miezi sita baadaye likijulikana, mapatano yatavunjika kwa uchungu zaidi. Na hilo la kusemwa ulikuwa ukijidai: ngoma imeshaonekana imepasuka na imeshaandikwa. Kupona si ushahidi wa uongo.

Kupimwa pia si kushtaki. Daktari wa masikio anakutibu wewe. Karatasi ya kipimo itakuwa yako. Baadaye utaamua unaifanyia nini.

Hapa sharti nikupe na upande mgumu, nisije nikakufariji kwa nusu ya habari. Ukiitwa kutoa ushahidi na ukaulizwa hali ya sikio, utajibu chini ya kiapo, na nakujua kwa barua yako kuwa hutasema uongo. Kipimo kikionyesha usikivu umepotea kwa kudumu, mwendesha mashtaka anaweza kuomba mashtaka yabadilishwe, mradi hajafunga ushahidi wa upande wake. Kushambulia na kuumiza mwili, kosa aliloshtakiwa nalo sasa, adhabu yake haizidi miaka 5. Kusababisha madhara makubwa, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Hiyo ndiyo hofu ya mamako, na ina msingi. Ila miaka hiyo ni ukomo wa juu kabisa. Hakimu hutazama mazingira, mtu kama ana makosa ya nyuma, kama amejuta, na aliyeumizwa anasema nini. Ana uwezo wa kumweka mtu chini ya uangalizi wa afisa wa urekebishaji tabia, kumpa kazi za kijamii, kuamuru fidia. Wala hafungwi na alama ya daktari. Hiyo ni maoni ya mtaalamu, naye huipima pamoja na ushahidi mwingine, daktari mwenyewe akiwa ameitwa kuieleza na kuulizwa maswali.

Na hilo la kuulizwa maswali linanileta kwa yule mtu wa rafiki yako. Hujamjibu, na nimefurahi kwamba bado hujamjibu. Fikiria fomu hiyo ikifika kortini. Wakili wa kakako ataomba kadi ya matibabu ya siku ya kwanza na P3 ya kwanza. Zitasomwa zote, moja baada ya nyingine. Kuanzia hapo hakuna atakayezungumza juu ya kofi, watazungumza juu yako. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Lakini kinachonisikitisha zaidi ni kwamba una ukweli mkononi, na ungeuharibu kwa karatasi ya kununua wakati kipimo halali huenda kikasema mazito kuliko hiyo. Ukiona daraja la kwanza halikutosha, iko njia ya wazi: unakwenda kliniki, unapimwa, unapeleka ripoti kwa afisa anayepeleleza kesi, naye anaweza kukurudisha kwa daktari ili maoni yaongezwe. Hifadhi nakala ya kila kitu. Madaktari huhamishwa, na kesi ngapi zimelala kwa sababu aliyejaza fomu hayupo na karatasi za matibabu hazionekani.

Tuje kwenye sulhu. Sipendi kuwasikia watu wakiikejeli, nasi Waswahili tumeishi kwa kuketi chini tukasemezana. Katiba yetu ya 2010 yenyewe, kifungu cha 159, inaziagiza mahakama zihimize mapatano. Na sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, kifungu cha 176, inaruhusu korti kusuluhisha makosa ya kibinafsi ya kushambuliana, mradi hayajafikia daraja la makosa makubwa na hayakuzidishwa ukali. Kwa hiyo mjomba ana ukweli wake: katika mashtaka yaliyopo sasa mlango huo uko wazi. Yakipanda, unafungika kwa sehemu kubwa.

Ila kuna jambo ambalo sidhani amekueleza. Wewe huwezi kuifuta kesi. Si yako kwa maana hiyo, ni ya Jamhuri, wewe ni mlalamishi na shahidi. Unaweza kuiambia korti unataka kuiondoa na kwa sababu gani, na hakimu atauliza kama umelazimishwa. Huenda akakubali, huenda akakataa, na mwendesha mashtaka naye ana neno lake. Basi ukiahidi kwenye kikao kwamba "nitaifuta", utakuwa umeahidi kitu kisicho mikononi mwako. Ukikubali kisha korti ikatae, lawama zitakurudia wewe.

Na je, sulhu ya nini hasa? Umenitajia masharti mawili, radhi na gharama za matibabu. Sikuona popote mtu akisema chumba chako kitabaki chako. Sikuona mtu akisema hatainua mkono tena. Gharama nazo ni za nini, za mshono wa kidevu, au na za sikio ambalo halijapimwa? Ukiwa utapatana, huenda ukataka hayo yaandikwe, mbele ya mashahidi, na yasomwe kortini. Yako masulhu yanayodumu miaka mingi. Na yako mengine ambayo kazi yake ilikuwa kumtoa mtu kizimbani tu, na aliyepigwa akarudi kulala palepale alipopigwiwa.

Naomba pia turudi kwenye mstari mmoja wa barua yako. Uliuandika mwisho, ukaupita haraka: mwaka juzi alikusokota mkono, ukasema si kitu. Hilo nalo lina uzito katika uamuzi wako, kuliko alama ya P3 kwa maoni yangu. Mtu aliyepiga mara moja kwa hasira, akaona damu, akashtuka, si sawa na mtu ambaye mkono wake unaongezeka nguvu kila mara. Mimi simjui kakako. Wewe unamjua tangu utotoni. Ukiwa peke yako naye uani, mwili wako unahisi nini? Kama jibu ni hofu, jua kwamba ipo Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015, na haihusu mume na mke peke yao, inahusu jamaa. Unaweza kuomba amri ya ulinzi inayomkataza kukudhuru au kukusogelea pale unapolala, iwe kesi ya jinai inaendelea au imemalizwa. Ina hatari yake pia: katika nyumba moja yenye mama mmoja mgonjwa, amri ya korti inaweza kuwafanya mzidi kutengana. Wewe ndiye unayejua kama mmeshafika huko.

Kuhusu mamako. Hofu yake ina sura mbili, ya mwanawe kufungwa na ya dawa kukosekana, na pengine ya pili anaona haya kuitamka. Hiyo ya pili inaweza kuzungumzwa bila kugusa kesi. Kodi ya vyumba vya uani inatoka kwenye nyumba ya baba. Mamako ana thumuni yake humo, nawe una fungu lako, nusu ya fungu la kaka kwa sharia yetu, lakini ni fungu. Dawa hizo huenda zinanunuliwa kwa pesa ambazo sehemu yake ni ya mama mwenyewe. Sisemi hivyo ili kumpunguzia kakako wema wake. Ila ukiamini mama anaishi kwa hisani ya kaka tu, utaona huna haki ya kusema lolote. Mirathi ni kazi ya Mahakama ya Kadhi, ni faili jingine kabisa, na unaweza kulifungua hata mkipatana kesho. Naona hata kofi lilitoka huko. Uliuliza hati ina jina la nani, na hadi leo hakuna aliyekujibu.

Nimetafuta katika barua yako mahali uliposema unataka kaka afungwe, sikupaona. Wala hukusema unataka pesa. Uliyoyaeleza kwa urefu ni watoto, usomaji wao, na lile neno lililokufanya ujione huna uzito. Nadhani unachotaka, nisahihishe nikikosea, ni mtu mzima mmoja katika ile familia atamke kwamba ulipigwa na kwamba halikuwa jambo dogo. Hilo korti inaweza kukupa, na kikao kinaweza kukupa, na vyote viwili vinaweza kukunyima. Kabla ya kuchagua njia, jiulize ni ipi kati yake watu watalazimika kukusikiliza ukimaliza sentensi yako.

Kama kikao kitaketi kabla ya tarehe ya korti, hukatazwi kumwomba mjomba kisogezwe mpaka upimwe. Ombi hilo halimfungi mtu wala halimwachilii. Na siku ya kesi kutajwa, fika mapema, uulizie ofisi ya mwendesha mashtaka, mweleze kwamba uliagizwa kliniki ya masikio, umekwenda au unakwenda lini, na kwamba familia inazungumzia mapatano. Yeye ndiye atakayekuambia kwa kesi yako hasa kipi kinawezekana. Kama unaona uzito kwenda peke yako, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wanawake kwa mambo haya, na namba 1195, simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili, hupokelewa bila malipo, usiku na mchana.